Sahihi Si Ridhaa

Mapema muhula huu mpwa wangu, anayesoma katika shule moja ya kutwa viungani mwa mji wa Meru, alirudi nyumbani na karatasi ya kutiwa sahihi na mamake. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Dada yangu, ambaye husoma Kimeru na Kiswahili bila taabu, aliitia sahihi papo hapo jikoni, kwani watoto walikwisha kuonywa kuwa asiyeirudisha asingeingia darasani. Kesho yake mtoto akapimwa macho, uzito na damu. Nilipomwuliza dada amekubali nini hasa, alinijibu, "Si nimekubali asome?"

Mimi si tabibu wala wakili; kazi yangu ni kufundisha isimu. Wala sipingi watoto kupimwa: aliyegunduliwa mapema kuwa haoni ubaoni ameokolewa. Linalonikera ni neno. Sehemu ya 33 ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia taarifa za mtoto kwanza apate ridhaa ya mzazi au mlezi, na sheria hiyo hiyo inaeleza kuwa ridhaa sharti iwe bayana, isiyo na utata, ya hiari, mahsusi, na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Shuleni, hata hivyo, neno tulilolizoea ni ruhusa. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa, kama mwanafunzi anayetaka kwenda msalani. Shule inapomwomba mzazi ruhusa huku ikimtishia mwanawe, mkubwa ndiye mwombaji, na jibu limekwisha kukatwa kabla ya swali.

Hofu hii si ya kubuni. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti zote, Meru na Embu zikiwemo, wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliamua kuwa agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto, yaani vifungu vya 31 na 53 vya Katiba. Akaamuru majina yawekwe kwa namna isiyoyaunganisha na hali ya afya ya wenyewe. Alijua lijulikanalo na kila mkazi wa Maua au Runyenjes: orodha ikiachwa mezani pa mwalimu, soko zima litaisoma kabla ya magharibi.

Basi karatasi iandikwe Kiswahili, na Kimeru, Kiembu au Kimbeere panapohitajika. Itaje kinachopimwa, atakayehifadhi majibu na muda wake. Na mtoto mwenyewe, hasa wa sekondari, aulizwe. Mkono unaodungwa sindano ni wake.

Juma lililopita dada yangu alimwandikia mwalimu mkuu, kwa Kiswahili, akiuliza majibu ya damu ya mwanawe yako kwa nani. Tungali twangoja.