Vidonda vya Tumbo na Mdudu Ajifanyaye Mfu

Katika Tuala, baina ya Ongata Rongai na Kitengela, ambako maji aghalabu hununuliwa kwa mtungi au kwa lori, si taabu kumpata mtu auguaye vidonda vya tumbo. Wala si taabu kumpata aliyeambiwa kuwa amepona, akala akashiba miezi kadhaa, kisha mchomo wa chembe cha moyo ukamrudia usiku wa manane. Majirani humhukumu kwa pilipili, chai ya rangi na wingi wa fikira. Hukumu hiyo siikubali, kwani ushahidi unamwelekea mshitakiwa mwingine.

Mshitakiwa huyo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumwotesha huko Perth, Australia, mwaka 1982, baada ya sahani za maabara kuachwa siku nyingi kuliko desturi kwa sababu ya likizo ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall, alipoona matabibu wenzake hawasadiki, alimnywa mdudu mwenyewe, na siku chache baadaye tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel ikawafikia wote wawili mwaka 2005. Wengi wambebao hawaoti vidonda kamwe, na wako wanaoota kwa kumeza aspirini na diklofenaki kila kukicha, bila yeye kuhusika. Lakini pale anapohusika, dawa ya kutuliza asidi peke yake haimtoi.

Na kumtoa si sahali. Akiwa katika raha yake mwili wake hujipinda. Akipatwa na dhiki, ikiwa ni njaa, hewa isiyomfaa au dawa isiyotosha kumuua, hujikunja akawa kiduara, akapunguza shughuli zake zote, wala hakubali tena kuoteshwa maabara, mithili ya chura wa mbuga zetu za Kajiado anayejizika ardhini kiangazi kizima. Je, viduara hivyo vi hai, au ni maiti zisizozikwa? Wataalamu wamekhitilafiana. Mwaka 1994 watafiti waliripoti kwamba viduara walivyowapa panya viliamka vikarudia umbo la asili. Wengine, mwaka uliofuata, wakawajaribu watoto wa nguruwe na hawakuona chochote kikiamka. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Naogopa tu wauza dawa watakaoufanya usingizi wa mdudu kuwa hoja ya kumuuzia maskini vidonge bila kikomo, ilhali sababu za maradhi kurudi zinazojulikana vyema ni nyingine: dozi iliyokatizwa, mdudu aliyekwisha kuizoea dawa, na maambukizo mapya, ambayo aghalabu hupita baina ya watu wa nyumba moja.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa naielekeza kwenye desturi ya kuuza dozi nusu. Tiba ya kawaida huchanganya dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki mbili au zaidi, na siku zake hufika 14. Mgonjwa mwenye fedha ya siku tatu hupewa za siku tatu, akaona nafuu, naye mdudu akabaki na dhiki ndogo isiyomuua. Fauka ya hayo, ni nadra mgonjwa kuambiwa arudi kupimwa, na arudiye huenda akapimwa damu, kipimo kisichofaa kuthibitisha kupona, kwa kuwa kinga ya mwili hubaki damuni muda mrefu baada ya mdudu kufa. Kinachofaa ni kipimo cha pumzi au cha kinyesi, wiki nne au zaidi baada ya antibiotiki kwisha, na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi. Maana dawa hiyo humfifiza mdudu hata kipimo kikamkosa, na mgonjwa akarudi nyumbani na cheti cha uongo kilichoandikwa kwa nia njema.

Kwa rai yangu, gharama ya kipimo hiki cha pili ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, katika zahanati za serikali na za watu binafsi, wala isiwe anasa ya wenye nafasi. Na tarehe yake iandikwe juu ya cheti kile kile cha dawa, siku ile ile dawa zinapotolewa, pamoja na siku ambayo mgonjwa ataacha omeprazoli.