Rangi ya Jani na Rangi ya Damu

Kwa kawaida klorofili hufundishwa katika mlango wa mimea, na hemu, yaani rangi nyekundu ya damu, katika mlango wa wanyama. Hivyo mwanafunzi hukariri majina mawili bila kujua kwamba ni matawi ya shina moja. Huo ni upungufu, nao hauna budi kuondolewa.

Undugu wa rangi hizo waonekana wazi katika sianobakteria, viumbe wadogo wasio na kiini cha seli, ambao zamani waliitwa mwani wa buluu-kijani. Wengine hustawi katika magadi ya Ziwa Bogoria, Kenya, wakawa chakula cha heroe. Kiumbe huyu huigeuza asidi ya glutamiki kuwa molekuli ndogo, kisha huunga molekuli nane za namna hiyo kuwa pete moja. Hapo njia hugawanyika. Kimeng'enya kimoja kikitia chuma katikati ya pete, hupatikana hemu. Kingine kikitia magnesi, huanza safari ya klorofili. Tena, sehemu ya hemu hiyo hukatwa pete yake, ikawa chanzo cha rangi ya buluu inayosaidia kunasa mwanga.

Mwili wa binadamu na wa heroe huanza na malighafi nyingine, lakini tangu zile molekuli nane hufuata njia iyo hiyo mpaka kwenye hemu.

Mgawanyo huo huhitaji kipimo. Pete zikirundikana bila kutumika, kisha zikapigwa na mwanga, huzalisha oksijeni kali inayoiharibu seli.

Huenda mwalimu akasema kwamba somo hili lahitaji maabara kubwa. La hasha. Punje za mahindi zioteshwe ndani ya kabati lenye giza: miche itatoka ya manjano, kwa kuwa hatua mojawapo ya mwisho ya kutengeneza klorofili katika mahindi haiendi bila mwanga. Ikiwekwa mwangani, itageuka kijani. Sianobakteria wengi wana kimeng'enya cha ziada kinachoikamilisha hatua hiyo hata gizani. Tofauti hiyo peke yake yatosha kuzua mjadala darasani.

Mwaka 1930 Hans Fischer wa Ujerumani alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake juu ya muundo wa rangi zote mbili. Kilichounganishwa na wanakemia tangu wakati huo hakistahili kutenganishwa na vitabu vya shule.