Hesabu ya Moyo Usiopiga kwa Mpangilio
Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Hata mtu akitulia, muda kati ya pigo na pigo hurefuka na kufupika kwa milisekunde nyingi, kwa kuwa neva za kuuharakisha na za kuutuliza huvutana bila kukoma. Wastani huuficha mvutano huo; entropia huupima kwa kuuliza: vipande viwili vya mapigo vikifanana, je, pigo linalofuata nalo litafanana? Mapigo yasipotabirika, entropia hupanda. Steven Pincus alitoa kipimo cha aina hiyo mwaka 1991. Joshua Richman na Randall Moorman wakakirekebisha mwaka 2000. Hata hivyo, entropia kubwa si afya daima, maana moyo uliovurugika mdundo nao hautabiriki. Manufaa ya vipimo hivi yanayogusa zaidi yako kwa watoto njiti: kabla maambukizi ya damu hayajadhihirika, mapigo yao hupoteza utofauti wake na kupungua kasi ghafla mara kwa mara. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011, likihusisha njiti 3,003, vifo vilikuwa asilimia 8.1 pale madaktari walipoonyeshwa alama inayotokana na vipimo hivyo, na 10.2 walipofichwa.