Broka ashtakiwe, shabiki aachwe

Mwandishi, katika makala yako umewahurumia sana mabroka wa tiketi za mpira. Sisi wa Mbita hatuwezi kukimbia hadi uwanja wa Kasarani, Nairobi, kupiga foleni, tunategemea simu. Wakati wa mashindano ya CHAN, Agosti 2025, shirikisho la soka Afrika, CAF, lilipopunguza idadi ya mashabiki kwenye mechi za Harambee Stars na kutaka tiketi za kielektroniki pekee, kilio kilikuwa kilekile kila mahali: zimeisha, na anayezo anataka bei yake.

Sasa fikiria mtu aliyekesha kwenye basi kupitia Homa Bay na Kisii. Anafika langoni, anaonyesha picha ya QR aliyotumiwa WhatsApp, mashine inaikataa. Mwingine ameshaingia nayo. Tiketi moja, wanunuzi watatu! Huo ni ulaghai mtupu, na sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2018 inautosha, polisi wakitaka kazi.

Tatizo ni yule anayezoa tiketi halali kwa mamia kisha anatupandishia bei. Uingereza ilifanya kuuza tiketi za mpira bila idhini kuwa kosa la jinai tangu 1994. Marekani mwaka 2016 ikapiga marufuku programu zinazozinyakua mtandaoni. Kwetu mtu kama huyo tunamsifu eti mjanja.

Lakini jamaa aliyepata msiba, anayeuza tiketi yake moja arudishe pesa, msimburute kortini. Waandaaji wamwekee mahali pa kuirudisha kwa bei ileile. Na wale wa ndani wanaozitoa kwa mlango wa nyuma? Kesi zianzie hapo.