Mali bila daftari: nyimbo nazo zidaiwe kama dhahabu

Kata ya Matongo wilayani Tarime inajulikana nchi nzima kwa dhahabu ya North Mara. Tangu mgodi huo uanze uzalishaji mwaka 2002, watu wa Nyamongo, eneo la mgodi huo, wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba utajiri ulio chini ya miguu yako haujawa wako mpaka sheria iseme hivyo na apatikane wa kuisimamia. Taifa nalo lilijifunza. Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Makubaliano ya mwaka 2019 kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, mwenye mgodi, yakazaa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals. Watu watabishana kuhusu kiasi kinachofika kijijini, na wana haki ya kubishana, lakini hakuna tena anayethubutu kusema kwamba mwenye mtambo wa kuchimba ndiye mwenye kila kitu. Ipo mali nyingine inayotoka mkoani Mara, na Tanzania nzima, ambayo hatujawahi kuidai kwa ukali huo, nayo ni muziki. Ukiyafuatilia maisha ya wanamuziki mashuhuri, wa kwetu na wa ng'ambo, utaona kwamba waliokufa matajiri na waliokufa mafukara hawakutofautiana sana kwa kipaji. Walitofautiana kwa kilichoandikwa kwenye mkataba.

Tumwangalie kwanza mzaliwa wa Zanzibar aliyefika mbali kuliko wote. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen. Hadithi yake husimuliwa kuanzia jukwaani, na hasa tamasha la Live Aid la Julai 1985 katika uwanja wa Wembley. Husimuliwa kwa nadra kilichotokea miaka kumi kabla. Mwaka 1974 wimbo wao wa Killer Queen ulipanda hadi nafasi ya pili Uingereza, na bado vijana wale wanne walikuwa wakiishi kwa mshahara wa wiki. Sababu ni kwamba kampuni ya Trident, waliyosaini nayo walipokuwa hawana jina, ilikuwa meneja wao, mwenye rekodi zao na mwenye haki za nyimbo zao kwa wakati mmoja. Mwaka 1975 walijinasua kwa kulipa pauni 100,000 na kukubali kuiachia Trident asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Mwaka huohuo wakatoa Bohemian Rhapsody, uliokaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa. Freddie alifariki Novemba 1991, lakini mali yake haikufa naye. Mwaka 2023 vitu vyake binafsi vilinadiwa London kwa takribani pauni milioni 40, na mwaka uliofuata iliripotiwa kwamba Sony imekubali kununua haki za nyimbo za Queen kwa kiasi kinachokaribia pauni bilioni moja. Sauti iliyovuma 1974 bila kumnufaisha mwenyewe ndiyo hiyohiyo. Kilichobadilika ni umiliki.

Sasa mlinganishe na Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi Johannesburg wimbo wa Mbube, na haki zake zikaenda kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukaimbwa na makundi mengi ya Marekani na Ulaya, na hatimaye ukaingizwa katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikuwa amekwisha kufa fukara mwaka 1962. Warithi wake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 baada ya kufungua kesi, na hawakuokolewa na huruma ya mtu. Waliokolewa na kifungu cha sheria ya zamani ya Uingereza, ya mwaka 1911, kilichosema kwamba haki za kazi iliyouzwa hurejea kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Afrika Mashariki tuna kisa kinachofanana nacho. Malaika uliimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M na Angélique Kidjo, na huenda ndio wimbo wa Kiswahili uliosafiri kuliko wote. Hata hivyo mpaka leo watu wanabishana kama mtunzi alikuwa Fadhili William aliyeurekodi Nairobi, Adam Salim aliyedai kuutunga miaka ya 1940, au mwingine. Ubishi huo usingekuwepo kama siku ulipotungwa ingekuwepo ofisi ya kuandika kwamba wimbo huu ni wa fulani.

Nyumbani, enzi ya muziki wa dansi ilijengwa juu ya msingi huohuo dhaifu. Mwanamuziki alikuwa na sauti na vidole. Vyombo vilikuwa vya mtu mwingine. Bendi ya NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mlimani Park ikaja kuwa ya shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, na nyingine zilikuwa za wafanyabiashara. Mwenye vyombo ndiye aliyepanga mshahara, na aliyemkosea alibaki na koo lake tupu. Rekodi zilifanyika studio za Radio Tanzania, kanda zikabaki za redio. Aliyetaka sahani ya santuri alivuka mpaka kwenda Nairobi, kwa kuwa mitambo ya kuzichapa ilikuwa huko. Mbaraka Mwinshehe, aliyeipandisha chati Morogoro Jazz na kisha kuunda Super Volcano, alifia Mombasa kwa ajali ya gari Januari 1979. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mashariki mwa Kongo na kufika Dar es Salaam mwaka 1978, alilipeleka jina la Super Matimila hadi majukwaa ya Ulaya na akatoa albamu chini ya lebo ya mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel. Alipofariki Desemba 2010 alikuwa amekwisha kuacha jina lake kwenye ramani ya jiji, kituo cha Sinza kwa Remmy. Jina la kituo ni heshima kubwa, lakini halilipi ada ya shule ya mtu.

Wapo wasemao kwamba tatizo la wanamuziki wetu ni wao wenyewe: pombe, wanawake, ufahari wa siku mbili. Siwezi kukana kwamba wapo walioponda mali. Lakini hoja hiyo inakwama mahali pamoja. Anayeponda lazima kwanza awe amepata, na wengi wa hao tunaowalaumu hawakuwahi kushika fedha yenyewe. Muziki wao ulinakiliwa kwenye kaseti na kuuzwa mitaani bila wao kuambulia senti, ukapigwa redioni asubuhi na jioni bila malipo. Queen nao hawakuwa watu wa kujinyima, na Freddie alijulikana kwa sherehe za kukata na shoka. Alizimudu kwa sababu kila wimbo wake uliopigwa ulimrudishia kitu. Tabia njema ni jambo jema kwa kila mtu, ila hakuna nchi iliyojenga tasnia ya muziki kwa mawaidha. Zimejengwa kwa sheria, hesabu na wakaguzi.

Wengine watasema hayo ni ya zamani, kwamba siku hizi kijana wa Matongo mwenye simu anapandisha wimbo wake YouTube au Boomplay na dunia nzima inamsikia. Ni kweli mlango umefunguka, lakini swali la umiliki limeingia kupitia mlango huohuo. Lebo ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz imewatoa vijana wengi kutoka kusikojulikana. Msanii wake Harmonize alipoondoka mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba kutoka kwake kulimgharimu shilingi milioni 500, na Rayvanny alipofuata mwaka 2022 mjadala wa mikataba ukarudi upya. Mgala muue na haki yake mpe: lebo inalipia studio, video, mavazi na matangazo, na katika vijana kumi inaowekeza, huenda wawili tu wakarudisha fedha. Inastahili faida. Kisichostahili ni mkataba usio na mwisho, uliosainiwa na kijana mwenye njaa bila mwanasheria pembeni yake. Leseni ya kawaida ya uchimbaji wa madini nchini haizidi miaka 10 kabla ya kuombwa upya. Iweje haki ya wimbo ichukuliwe milele?

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba tungo za Mbaraka Mwinshehe zitabaki mali ya warithi wake hadi mwaka 2029 tu. Muda uliobaki ni mfupi kuliko ule uliokwisha kupotea. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 za mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zilipigwa redioni. Ni mwanzo wa kupongezwa, ingawa ukizigawa fedha hizo kwa wasanii zaidi ya elfu moja waliokuwa kwenye orodha, wastani hauvuki laki tatu kwa mtu. Na hao ni walioandikishwa. Mpiga ritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, wa Tarime, anayeimba kwa Kikurya harusini na kwenye sherehe za ukoo, nyimbo zake zinaingizwa kwenye kadi za simu za watu kwa malipo yanayoishia kwa mwenye kibanda. Husemwa kwamba nyimbo za asili ni za wote, hivyo hazina mwenyewe. Hapo panachanganywa vitu viwili. Mdundo wa mababu ni urithi wa jamii, na sheria hiyohiyo imeweka ulinzi wake. Lakini maneno mapya aliyotunga mpigaji, na sauti yake iliyorekodiwa siku ile, ni jasho lake. Ardhi ya ukoo ni ya ukoo, ila mahindi ni ya aliyelima.

Hofu ya mwisho ni ya wenye baa, mabasi na redio ndogo, wanaosema kwamba kulipia muziki kutawaua. Wasikilizwe, viwango viwe vya haki na vitofautiane kati ya kilabu cha pombe Nyamongo na hoteli ya kitalii kando ya Serengeti. Hata hivyo mwenye baa hulipia bia, umeme, leseni na mlinzi, na anajua kwamba akizima muziki wateja wataondoka. Kitu kinachomletea wateja kina bei kama vingine vyote.

Yanayotakiwa hayahitaji muujiza. Bunge liweke ukomo wa mikataba ya lebo, na kifungu cha kurejesha haki kwa mtunzi au warithi wake kama kile kilichowaokoa watoto wa Solomon Linda. COSOTA isiwasubiri wasanii mjini. Ofisa utamaduni wa halmashauri ya Tarime awezeshwe kuandikisha nyimbo hukohuko Nyamongo, na redio zilazimike kutoa orodha kamili ya nyimbo zilizopigwa, zikiwemo za lugha za makabila. Sehemu ya fedha ambazo mgodi hutoa kwa jamii inaweza kulipia studio ndogo na mwanasheria wa kusoma mikataba, kwa maana dhahabu itakwisha siku moja na nyimbo zitabaki. Na wewe kijana unayetunga, usisaini karatasi usiyoielewa, andikisha wimbo wako kabla hujaupeleka redioni, na andika jina la kila aliyeshiriki kuutunga. Wazee walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.