Tusiwaadhibu Watoto kwa Kosa la Mbolea

Muhula uliopita kabichi za bustani ya shule yetu zilidumaa. Majani ya chini yaligeuka manjano, na vichwa vikawa vidogo kama ngumi ya mtoto. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema udongo umechoka. Wengine wakasema sisi wa Kidato cha Pili ni wavivu wa kumwagilia maji, tukapewa adhabu ya kufyeka nyasi Jumamosi mbili. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu maji tulitia kila jioni, na kosa lilikuwa kwingine.

Wiki tatu tu kabla ya kupanda, tulikusanya maganda ya matoke kutoka jikoni, tukachanganya na vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Rundo lilikuwa bado na joto tulipolifukia bustanini. Hapo ndipo palipoharibika. Takataka huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huhitaji nitrojeni kama mimea inavyoihitaji. Vumbi la mbao lina nitrojeni kidogo mno, kwa hiyo vijidudu huitwaa iliyomo udongoni, na kabichi hubaki na njaa. Mmea wenye njaa hiyo huyanyang'anya majani ya zamani ili kulisha machanga. Ndiyo maana manjano huanzia chini.

Kwa maoni yangu, mbolea isitumiwe mpaka ipoe, iwe nyeusi, inuke kama udongo wa msituni, na ganda lisitambulikane tena. Tena tuijaribu kwanza. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini: moja tia udongo mtupu, la pili udongo na mbolea nusu kwa nusu, kisha panda mchicha katika yote mawili. Ukidumaa katika la pili tu, mbolea hiyo haifai bado, ngoja. Na pale ilipokwisha kutiwa mbichi, tuongeze samadi ya kuku iliyooza vema, au tupande maharagwe, maana mizizi yake hukaa na bakteria wanaotwaa nitrojeni hewani.

Darasani twafundishwa kuchunguza kabla ya kuhukumu. Somo hilo lifike bustanini pia. Makopo mawili ya mchicha yangetuokoa na Jumamosi mbili za kufyeka, na jikoni kungekuwa na kabichi.

Nanyi wanafunzi wa zamani wenye mashamba, je, hamna la kutufundisha? Tuandikieni. Mvumilivu hula mbivu. Sisi tuliilisha bustani mbichi.