Bunduki ya Babelge: nambari njo inasema ukweli

Ku Lubumbashi, bunduki ya zamani ya kuwinda haiuzwi dukani. Inapita kwa maneno. Mzee amefariki, watoto wanagawana vitu, na nyuma ya kabati kunatoka bunduki ya tangu wakati mji uliitwa Elisabethville. Mwenye kuuza anaapa: FN ya Babelge, iko ya kweli kabisa. Mnunuzi, ambaye pengine anaitaka kwa kupamba salon tu, anatoa dola.

Swali la kwanza liko ndani ya chuma. Kiwanda cha FN kilianza 1889 ku Herstal, karibu na Liège, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Mauser za jeshi la Ubelgiji. Lakini Liège ilikuwa na mafundi wengi, wakubwa kwa wadogo, na bunduki zao zote zilipaswa kupita kwenye nyumba moja ya majaribio. Pale zilipigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, na ile iliyovumilia ikagongwa muhuri: herufi E, L na G ndani ya umbo la yai. Hapa wengi wanaanguka. Wanasoma ELG wakifikiri ni jina la kiwanda, kumbe ni alama ya majaribio tu. Haihakikishi kama ni FN.

Muhuri huo unasaidia pia kwa miaka. Taji juu ya yai lilianza kuwekwa 1893. Mtu akisema bunduki ni ya 1885 na taji iko, basi ama anadanganya mwaka, ama ilijaribiwa tena baadaye.

Udanganyifu mwingine ni Mauser ya askari iliyokatwa mbao za mbele, ikapakwa varnish na kuitwa ya kuwinda. Mtutu unabaki na dalili za jeshi, kwa mfano kilengeo kirefu cha nyuma chenye tarakimu za mita. Ni bunduki halisi, lakini si kile kinacholipiwa.

Halafu nambari. Inatakiwa kusomeka vizuri, na ile ya mtutu ipatane na ile ya chuma kinachofunga risasi. Zikitofautiana, vipande vimetoka kwa bunduki mbili. Na kama pale kwa nambari chuma kimeshuka kidogo, kinang'aa kuliko pembeni, mutu amepitisha tupa.

Mkusanyaji wa vitu vya zamani anaona hapo bei imeanguka. Polisi anaona kitu kingine. Silaha ku Kongo inaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na kuwinda kunaongozwa na sheria nyingine, ya 28 Mei 1982. Ruhusa ya silaha ni ya mtu: marehemu hakuiachia watoto pamoja na kabati. Tena Kongo ni kati ya nchi zilizotia sahihi Protokoli ya Nairobi ya 2004, inayotaka silaha ziwekwe alama ili zifuatiliwe. Isiyo na nambari haina asili, hata kama mbao zake zimechongwa maua mazuri namna gani.

Na mji huu haujasahau. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata-Katanga waliingia mpaka katikati ya Lubumbashi. Februari 2021 kambi za jeshi zilishambuliwa usiku. Askari wakipekua nyumba na kukuta bunduki bila karatasi, habari ya pambo la salon inakuwa ngumu kueleza.

Kwa hiyo karatasi inatangulia pesa: jina la mwenye ruhusa, nambari iliyoandikwa humo, na kama inalingana na ya chuma. Muuzaji akikataa nambari iandikwe kando ili ipelekwe kwa wenye mamlaka kabla ya malipo, bei nzuri aliyotaja ina sababu yake.

Shida kubwa iko upande wa familia. Wengi wanaogopa kuipeleka bunduki ya baba, wakiwaza maswali na gharama watakazokutana nazo. Wanaiacha mule mule nyuma ya kabati, mpaka siku mjukuu mwenye njaa ya dola anapoikumbuka.